Mbwa wa Battersea na kesi ambayo haikufunguliwa

Februari 2, 1903. Wanafunzi wapatao 60 wamekaa katika chumba cha mihadhara cha University College, London. Mbele yao, juu ya ubao wa kupasulia, kuna mbwa mdogo wa kahawia wa jamii ya terrier, uzito wake kilo sita na ushei. Kalazwa chali, miguu imefungwa kwenye ubao, kichwa kimebanwa, mdomo umefungwa.

Mbwa huyu si mgeni hapo. Desemba 1902 Profesa Ernest Starling alimpasua tumbo, akaufunga mfereji wa kongosho, akamshona na kumrudisha kizimbani. Leo Starling kamfungua tena kwa dakika kama 45 kuona kongosho limekuwaje, kakibana kidonda, kisha kamkabidhi kwa shemeji yake, William Bayliss. Bayliss anachana shingo mpaka azifikie neva za tezi za mate, anaziunganisha na nyaya za umeme. Anataka wanafunzi waone kwamba msukumo wa mate hautegemei msukumo wa damu. Anajaribu kwa nusu saa. Jaribio linakataa. Mbwa anapewa mwanafunzi aitwaye Henry Dale, ambaye anaondoa kongosho na kummaliza.

Habari ya sanamu aliyojengewa mbwa huyu Battersea, London, na fujo zilizofuata imesimuliwa sana, nami nitaigusa tu. Kilichoniganda kwa wiki kadhaa ni jambo dogo lililosemwa mahakamani miezi tisa baadaye. Starling, akiwa ameapa, alikiri kwamba kumtumia mbwa huyo mara mbili kulivunja sheria. Akasema alifanya hivyo ili asiue mbwa wawili.

Hakuna aliyemshtaki.

Aliyetoka mahakamani akidaiwa pauni 5,000 ni yule aliyelalamika.

Bomba nyuma ya meza

Ugomvi mzima ulihusu dawa ya usingizi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kwa maelezo ya Bayliss, mapema siku hiyo mbwa alichomwa sindano ya mofini. Baadaye akawa anavuta, kupitia mrija uliopachikwa kwenye bomba lake la hewa shingoni, mchanganyiko wa alkoholi, klorofomu na etha. Kipimo cha kawaida cha mchanganyiko huo kilikuwa sehemu moja ya alkoholi, mbili za klorofomu na tatu za etha. Zilitumika aunsi sita, yaani mililita 170 hivi. Chupa haikuwa mezani. Ilikuwa chumba cha pembeni, na dawa ililetwa kwa bomba lililofichika nyuma ya meza ya kazi.

Sasa kaa kwenye benchi la mwanafunzi. Chupa huioni, bomba hulioni.

Wasichana wawili wa Kiswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walikuwa kwenye mabenchi hayo. Walikuwa wamejiandikisha katika chuo cha udaktari cha wanawake cha London, ambako wanyama hai hawakupasuliwa, lakini wanafunzi wake waliruhusiwa kuhudhuria maonyesho ya vyuo vingine. Kila jioni waliandika walichokiona. Siku ile walifika mapema, wakabaki peke yao na mbwa kwa kama dakika mbili. Waliona makovu ya operesheni ya awali. Waliona mirija miwili shingoni. Harufu ya dawa hawakuisikia, na mtambo wowote wa kuileta hawakuuona. Mbwa, walisema, alikuwa akipinda mgongo na kurusha miguu kama anayetaka kujinasua.

Wote wawili, naamini, walisema walichokiona. Tatizo ni kwamba walichokiona hakikutosha kwa upande wowote. Mbwa mwenye mrija kwenye bomba la hewa habweki hata akiwa macho, maana pumzi haipiti tena kwenye nyuzi za sauti. Kwa hiyo ukimya wake si dalili ya usingizi. Lakini kurusha miguu nako si dalili ya kuwa macho. Usingizi ukiwa mwepesi misuli hutetemeka na kujikunja yenyewe, na Bayliss aliongeza kwamba mbwa huyo alikuwa na ugonjwa wa mishtuko ya misuli. Namna ya kujua ilikuwa kumgusa mnyama kwenye mboni ya jicho: kope ikipepesa, dawa haijakolea. Hilo hufanywa na aliyesimama mezani.

Na aliyesimama mezani ndiye aliyekuwa akituhumiwa.

Sheria ilivyosukwa

Sheria iliyotawala meza ile ilikuwa ya Agosti 15, 1876, na ilizaliwa kutokana na kesi iliyoshindwa. Mwaka 1874 madaktari wa Uingereza walikutana Norwich. Mfaransa Valentin Magnan akamchoma mbwa sindano ya absinthe, aina ya pombe kali, mbele yao ili kuonyesha kifafa kinavyoanza. Baadhi ya waliokuwepo walipinga palepale. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, RSPCA, kikaenda mahakamani kwa sheria ya kawaida ya ukatili. Magnan alikuwa ameshapanda meli kurudi kwao, na madaktari waliobaki haikuthibitika walishika nini. Kesi ikafa.

Kisha ikaja Tume ya Kifalme ya 1875. Emanuel Klein, mtafiti wa London, aliiambia tume bila kumung'unya maneno kwamba dawa ya usingizi huitumia kwa urahisi wa kazi yake tu, na kwamba maumivu ya mnyama hayamshughulishi. Wenzake walitamani ardhi ipasuke. Bila Klein sijui kama Bunge lingeharakisha vile.

Muswada wa kwanza ulikuwa mkali. Ungewaondoa kabisa mbwa na paka kwenye maabara. Madaktari wapatao 3,000 wakatia saini kuupinga, na uliopita ulikuwa mwingine. Ulisema hivi: mtafiti awe na leseni ya Waziri wa Mambo ya Ndani; mnyama alazwe usingizi; na kama maumivu yataendelea, au amejeruhiwa vibaya, auawe kabla hajaamka. Kurari, sumu inayopooza misuli bila kuondoa hisia, ilitajwa wazi kwamba haihesabiwi kuwa dawa ya usingizi. Hiki ni kifungu kizuri, na kinaonyesha kwamba waliouandika walijua mambo.

Halafu zikaja herufi. Ukitaka kufanya jaribio bila usingizi, chukua cheti A. Ukitaka mnyama aamke na kuishi, cheti B. Ukitaka kuonyesha wanafunzi, cheti C. Kwa mbwa na paka kulikuwa na vyeti vyao vya nyongeza, na kwa farasi na punda pia. Cheti kilisainiwa na rais wa mojawapo ya taasisi za kisayansi zilizotajwa, pamoja na profesa wa fani. Kuanzia 1882 maombi yalipitia kwanza mikononi mwa jumuiya iliyoundwa na watafiti wenyewe kulinda utafiti, kisha ndipo yafike mezani kwa Waziri. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Lakini kilichonifanya nisome sheria hii mara ya pili ni kifungu cha 21. Kinasema mtu mwenye leseni hatashtakiwa chini ya sheria hii ila kwa ridhaa ya maandishi ya Waziri.

Soma tena: mwenye leseni.

Asiye na leseni anaweza kushtakiwa na mwananchi yeyote. Aliyepewa leseni analindwa na saini ya waziri yuleyule aliyempa leseni. Wanaharakati waliililia sheria kwa miaka, na walipoipata ilikuwa imejenga ukuta, mlango wake ukiwa na kitasa upande mmoja.

Somo la Bow Street

Mwaka 1881 waliujaribu mlango huo kwa upande ambao ulionekana uko wazi. David Ferrier, mtafiti wa ubongo, alikuwa amewaonyesha wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa udaktari, London, nyani walioondolewa sehemu za ubongo. Ferrier hakuwa na leseni kwa kazi hiyo. Kwa kuwa hakuwa nayo, ridhaa ya Waziri haikuhitajika, na chama cha mwanaharakati Frances Power Cobbe, kilichojulikana kwa jina la mtaa wa ofisi yake, Victoria Street, kikampeleka mahakama ya Bow Street mwezi Novemba.

Ushahidi wao ulikuwa taarifa za majarida ya kitabibu. Majarida yaliandika kana kwamba Ferrier ndiye aliyefanya.

Mahakamani ikaulizwa: nani alishika kisu? Jibu: Gerald Yeo. Na Yeo alikuwa na leseni.

Kesi ikaisha hapo. Ukiitazama vizuri, hii ni kesi ileile ya Norwich: unajua kitendo kimefanyika, unajua siku na mahali, lakini huna jicho chumbani la kusema mkono ulikuwa wa nani. Na walioshinda hawakulala. Ile jumuiya ya kulinda utafiti niliyoitaja ilizaliwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wasichana wa Kiswidi walipomwonyesha Stephen Coleridge daftari lao mwezi Aprili 1903, walikuwa wakimpa kitu ambacho kampeni ilikikosa kwa karibu miaka thelathini. Macho mawili, tena mara mbili, chumbani, siku ileile.

Mtu anayetaka kushtakiwa

Coleridge alikuwa wakili, katibu wa chama cha kitaifa cha kupinga upasuaji wa wanyama hai, na mtoto wa aliyewahi kuwa Jaji Mkuu. Alijua sheria kuliko wengi waliompigia makofi. Alipouliza ushauri kuhusu kumshtaki Bayliss akaambiwa mambo mawili. La kwanza, shauri lifunguliwe ndani ya miezi sita. La pili, ridhaa ya Waziri, Aretas Akers-Douglas, ambayo hakuna aliyetegemea kuipata kwa wakati.

Hesabu ya tarehe inasikitisha. Operesheni ya Desemba ilikuwa inaishiwa muda mwezi Juni. Ya Februari, mwanzoni mwa Agosti. Barua moja ya serikali ikilala kwenye trei, kazi imekwisha.

Mei 1, mbele ya watu elfu mbili hadi tatu katika ukumbi wa St James's, Coleridge akaisoma habari ya mbwa yule hadharani, akaiita mateso, na kumtaja Bayliss. Gazeti la Daily News likachapisha. Bayliss akataka aombwe radhi, Coleridge akakataa, Bayliss akashtaki kwa kashfa.

Kwa macho yangu huyu ni mtu aliyeona mlango wa mbele umefungwa akaamua kuburutwa ndani kupitia wa nyuma. Kama hawezi kumweka Bayliss kizimbani, Bayliss atamweka yeye, na bado Starling, Dale na msaidizi wa maabara wataulizwa maswali wakiwa wameapa. Ni ujanja mzuri. Na kwa sehemu ulifanya kazi: kule kukiri kwa Starling kulipatikana kwa njia hiyo na si kwa nyingine.

Ila kashfa ina kanuni yake, na wakili kama yeye aliijua.

Siku nne Old Bailey

Shauri lilianza Novemba 11, 1903, katika mahakama ya Old Bailey, London, mbele ya Jaji Mkuu Alverstone, likamalizika Novemba 18. Wakili wa Bayliss alikuwa Rufus Isaacs.

Katika kesi ya jinai, anayeshtaki ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha. Katika kashfa, mzigo ulimhamia Coleridge: wewe umesema huyu bwana alitesa, thibitisha. Na ajithibitishe kwenye neno lililochoma. Ukisema mtu ni mwizi na muongo, ukathibitisha uongo, bado wizi unakudai. Starling alipokiri kuvunja sheria kwa kumrudia mbwa, hilo halikumsaidia Coleridge hata kidogo, kwa sababu neno lililomuuma Bayliss lilikuwa mateso, na mateso yalisimama au kuanguka kwa swali la usingizi.

Swali la usingizi tumeshaliona. Bomba nyuma ya meza.

Isaacs alimbana Coleridge kwa kuamini wasichana wawili bila kumuuliza Bayliss kwanza. Coleridge akajibu kwamba hakuuliza kwa sababu alijua angekanushiwa. Jibu la kweli, na jibu baya sana kwa baraza la mahakama, wale wananchi wanaoamua kesi. Wanafunzi wengine wanne wakasema mbwa alikuwa amelala. Daftari la wasichana, ambalo lilishachapishwa, lilikuwa na sura iliyodai kwamba wanafunzi walicheka na kufurahi; ikawa rahisi kuuliza kama hapo waliandika walichokiona au walichokihisi. Baada ya hukumu mchapishaji alikiondoa kitabu sokoni, na sura hiyo haikurudi katika matoleo yaliyofuata.

Kuna nukta moja inayopitwa haraka. Msaidizi wa maabara alitoa ushahidi kwamba mbwa aliuawa kwa dawa. Kisha akasimama Dale, mtu aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1936, akasema hapana, alitumia kisu, moyoni. Yaani upande wa maabara haukukubaliana wao kwa wao mnyama alikufaje. Wakili wa jinai angepanua ufa huo siku nzima: kama kumbukumbu zenu hazilingani juu ya kifo, zinalinganaje juu ya kina cha usingizi? Katika kashfa ufa huo ulikuwa mapambo.

Baraza lilitoka kwa dakika 25. Fidia pauni 2,000, gharama pauni 3,000.

Bayliss aliikabidhi fidia kwa University College kwa ajili ya utafiti. Wasomaji wa Daily News, kwa upande wao, walichangia zaidi ya pauni 5,700 ndani ya miezi minne, Coleridge akawa hana deni. Ukipenda, upande mmoja ulishinda baraza, wa pili ukashinda barabara.

Kwa nini maumivu?

Hapa ndipo ninapojadiliana na nafsi yangu.

Kampeni ilikuwa na dai moja linalohesabika: operesheni mbili, mnyama mmoja, miezi miwili. Makovu yalionekana. Tarehe zilijulikana. Mhusika hakuwa na la kukanusha, na alipoulizwa hakukanusha. Na ilikuwa na dai moja lisilopimika: mbwa alihisi. Ikaweka pauni zake zote kwenye la pili.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1892 kilitoka kitabu chini ya usimamizi wa Cobbe, kikieleza majaribio mengi kwa maneno ya watafiti wenyewe. Daktari Victor Horsley alisimama kwenye kongamano la kanisa huko Folkestone akaonyesha kwamba katika majaribio kadhaa maneno kuhusu dawa ya usingizi yalikuwa yameachwa. Kitabu kikaondolewa. Cobbe hakuwa ameyanakili yeye, lakini jina lilikuwa lake. Miaka 11 kabla ya Old Bailey, kampeni ilishachomwa na moto huohuo.

Unaweza kusema basi ni uzembe. Mimi siwezi kufika huko moja kwa moja, maana jaribu kuujaza ukumbi wa St James's kwa tangazo hili: "Mtafiti atumia cheti B pasipo kufuata utaratibu." Hata mimi nisingekuja. Watu elfu mbili hawaachi chakula cha jioni kwa ajili ya utaratibu. Walikuja kwa ajili ya mbwa, na mbwa bila maumivu ni mbwa aliyelala.

Cobbe mwenyewe, nadhani, angesema kosa liko mbali zaidi. Mwaka 1898 chama alichokianzisha kilipiga kura, Coleridge akiongoza, kwamba kitadai kupunguza majaribio hatua kwa hatua huku kikingoja siku ya kuyakomesha. Cobbe, mwenye umri wa miaka 75, akajitoa na kuunda chama kipya, BUAV, huko Bristol. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukishakubali kujadili kipimo cha dawa umekubali kisu. Kuna ukweli ndani yake: asiyetaka mbwa apasuliwe kabisa hana haja ya kuthibitisha kwamba mbwa aliumia. Lakini Cobbe alifariki Aprili 1904 bila kuona hata jaribio moja likifutwa kwa njia hiyo. Takwimu za serikali zilizowekwa na sheria ya 1876 zinasema majaribio yalikuwa kama 300 miaka ya 1870, na 19,084 mwaka 1903. Sehemu kubwa zilikuwa sindano za chanjo na vijidudu, zisizo na kisu, lakini idadi ni idadi.

Kongosho

Ukiandika habari hizi ukaruka ugonjwa wa kisukari, umedanganya wasomaji wako.

Starling na Bayliss, Januari 1902, kwa mbwa, waligundua kwamba utumbo hutoa kemikali inayosafiri ndani ya damu na kuliamuru kongosho litoe maji yake. Mwaka 1905 Starling akaipa jamii ya kemikali hizo jina ambalo kila muuguzi analijua leo, homoni. Kufunga mfereji wa kongosho na kungoja wiki kadhaa, kama alivyofanyiwa mbwa wa kahawia, huzifanya seli za usagaji zisinyae na kuacha zile zinazotoa insulini. Njia hiyohiyo Frederick Banting aliianzia Toronto mwaka 1921, kwa mbwa pia. Kila anayejichoma insulini Tanga au Kisumu yuko mwishoni mwa mlolongo huo.

Sikubali kwamba hilo linafunga mjadala. Onyesho la Februari 2 halikugundua kitu. Lilikuwa somo kwa wanafunzi, la jambo lililokwisha kujulikana, na lilishindikana. Coleridge alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini somo lifanywe kwa damu. Lakini wapo waliokuwa wakisema hadharani kwamba upasuaji wa wanyama haukuwahi kumfaa mgonjwa hata mmoja, na hao historia haikuwatendea wema.

Na mwaka uleule wa 1903, Entebbe, tume ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, chini ya David Bruce ilikuwa ikichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale na kuwachoma nyani, na kuwaachia mbung'o wanyonye wagonjwa kisha nyani. Ndivyo ilivyothibitika kwamba mbung'o ndiye anayebeba malale. Sheria ya 1876 haikufika Entebbe. Ilikuwa ya Uingereza, Scotland na Ireland. Nyani wale hawakujengewa sanamu popote.

Jiwe la Latchmere

Septemba 15, 1906, sanamu ya mbwa wa shaba ilizinduliwa kwenye uwanja wa Latchmere, Battersea, mtaa wa wafanyakazi uliokuwa na hospitali yake isiyotaka madaktari wanaopasua wanyama hai. Ilikuwa juu ya nguzo ya graniti yenye urefu wa mita mbili na robo, bomba la maji ya kunywa watu, na chini yake hori la wanyama. Pauni 120 zilikusanywa na Louisa Woodward.

Maandishi yake ndiyo yaliyonishangaza nilipoyasoma taratibu. Yalisema mbwa alifishwa kwenye maabara za University College Februari 1903, baada ya kupasuliwa kwa zaidi ya miezi miwili na kukabidhiwa kutoka kwa mpasuaji mmoja hadi mwingine. Yakawakumbuka na mbwa 232 waliopasuliwa mahali hapo mwaka 1902. Yakawauliza wanaume na wanawake wa England mambo haya yatakuwa hivi mpaka lini.

Usingizi hautajwi. Miezi miwili, mikono zaidi ya mmoja, idadi. Jiwe lilidai kile ambacho Starling alishakikiri.

Maabara hazikuyapeleka maneno hayo kwa baraza la mahakama. Yalipelekewa nyundo. Novemba 20, 1907 wanafunzi wa udaktari walivuka mto Thames na mtaimbo, wakakamatwa kumi na kutozwa pauni tano kila mmoja. Desemba 10 walikuwa kama 1,000 wakipambana na polisi Trafalgar Square. Katikati ya hapo walivamia pia mikutano ya wanawake waliodai kura, wakiwemo wasiohusika na mbwa kabisa, jambo linaloonyesha hasira ile haikuwa ya sayansi pekee.

Ulinzi wa sanamu ukafika pauni 700 kwa mwaka. Polisi walipotaka Battersea ilipe, diwani John Archer, aliyekuja kuwa meya wa Battersea mwaka 1913, meya wa kwanza mweusi katika London, alishangaa hadharani: Battersea ilikuwa tayari ikilipa pauni 22,000 kwa mwaka kwa ajili ya polisi. Kisha uchaguzi wa Novemba 1909 ukabadilisha baraza la madiwani. Kabla ya mapambazuko ya Machi 10, 1910, wafanyakazi wanne wakilindwa na polisi 120 waliing'oa. Waliotia saini ibaki walikuwa 20,000.

Kifungu cha 14

Tume ya pili ya Kifalme, iliyoteuliwa 1906, ilitoa taarifa mwaka 1912: wakaguzi waongezwe, kurari ibanwe, Waziri apate washauri rasmi badala ya ile jumuiya ya watafiti. Mengine yakabaki. Sheria ya 1876, pamoja na herufi zake, iliishi miaka 110.

Desemba 12, 1985 sanamu mpya, kazi ya Nicola Hicks, iliwekwa Battersea Park, ikiwa na maandishi yaleyale ya zamani. Mwaka uliofuata ikapita sheria mpya ya majaribio kwa wanyama. Safari hii suala la kumtumia mnyama mara ya pili halikuachwa lijitafutie nafasi kati ya vyeti. Lilipewa kifungu chake, cha 14. Kanuni ilikuwa kwamba mnyama aliyefanyiwa jaribio na kuamka asirudiwe. Kisha yakafuata yale yaliyoruhusiwa nje ya kanuni. Mojawapo: Waziri akiridhia, mnyama angeweza kurudiwa, ikiwa jaribio la pili litafanywa akiwa kwenye usingizi ambao hataamka.

Tumbo mwezi Desemba, shingo mwezi Februari, kisu kabla hajazinduka. Starling angehitaji fomu tu.